Nilipona saratani nikiwa mtoto, sasa nataka kujitolea wodini, je nitaweza?

Kuna kijana kaniandikia. Ana miaka 23, aliumwa saratani ya damu, ile inayoitwa ALL, akiwa na miaka 8, akatibiwa karibu miaka mitatu, dawa zikaisha na mpaka leo haijarudi. Sasa anataka kujitolea kwenye wodi ya watoto wenye saratani na ana mambo matatu yanamsumbua. La kwanza anaogopa akifika kule atashindwa kujizuia, alie mbele ya watoto. La pili hajui aseme nini, hasa je amwambie mtoto "na wewe utapona kama mimi"? La tatu mama yake hataki hata kusikia, kila akigusia anaambiwa "kule tulishatoka, unarudi kutafuta nini?"

Mdogo wangu karibu. Mimi ni nesi wa watoto, na kwa miaka mingi sasa sehemu ya kazi yangu ni kuwaandaa watu wanaokuja kujitolea wodini, na kati yao wapo walioumwa wenyewe wakiwa wadogo kama wewe. Nikujibu kabisa mwanzoni usije ukachoka njiani: ndiyo unaweza, na unahitajika, ila sio kesho, na sio kwa ile picha ambayo wengi wanakuja nayo ya kusimama katikati ya wodi na kusema jamani nitazameni mimi. Nitaeleza kwa nini.

Naanza na kitu ambacho hukuuliza, afya yako mwenyewe. Waliopona utotoni wengi hawajui walitibiwa na nini hasa, wanajua tu "nilichomwa kemo", yaani dawa za kuua saratani, basi, feili liko hospitali au lilishapotea na anayekumbuka ni mzazi. Sasa zile dawa zinaponya kweli, lakini baadhi zinaacha alama ambayo inaweza kuja kujitokeza miaka kumi au ishirini mbele. Matibabu ya ALL mara nyingi yanakuwa na daunorubisini au doksorubisini, ile dawa nyekundu inayokufanya ukojoe mkojo wa rangi ukashtuka, hiyo ikizidi kiasi fulani inaweza kudhoofisha moyo baadaye, ndo maana waliopewa wanatakiwa kupimwa moyo kwa eko, ile ultrasaundi ya moyo, kila baada ya muda hata kama wanajisikia wazima kabisa. Vinkristini, dawa nyingine ya kemo, inaweza kuacha ganzi vidoleni. Steroidi, zile dawa zinazovimbisha uso na kuleta njaa, zinaweza kuharibu mfupa wa nyonga, mtu ana miaka 20 na anachechemea hajui kwa nini. Kama ulipigwa mionzi ya kichwa kuna habari za kumbukumbu, za ukuaji na za homoni. Sikutishi mdogo wangu, wengi wanaishi vizuri tu, ninachotaka ni uende klinik uombe wakuandikie muhtasari wa matibabu yako: ugonjwa ulikuwa aina gani, dawa zipi, jumla ya dozi kiasi gani, mionzi ilikuwepo au haikuwepo, na unatakiwa uchunguzwe nini kila baada ya muda gani. Karatasi moja au mbili tu lakini utatembea nayo maisha yako yote, maana yule daktari aliyekutibu hatakuwepo siku zote.

Na kuna la chanjo, hili hata volontia wa muda mrefu hawalijui. Kemo inaweza kufuta kinga uliyoipata kwenye chanjo za utotoni. Ulichanjwa surua ukiwa mdogo sawa, lakini baada ya miaka karibu mitatu ya dawa zinazoshusha kinga mwili unaweza kuwa umeshaisahau ile chanjo, ndo maana watoto wengi wakimaliza matibabu wanachanjwa tena. Wewe ulirudiwa? Kama hujui, uliza kabla hujakanyaga wodini. Kwa mtoto aliye kwenye kemo surua au tetekuwanga sio vipele vya wiki moja halafu anarudi kucheza, inaweza kushuka mapafuni ikamuua. Na tetekuwanga inajificha kati ya siku 10 na 21 kabla haijatoka, na inaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla upele haujaonekana, kwa hiyo unaweza kuibeba hadi kitandani kwa mtoto na wewe unajiona mzima. Kwa hiyo ukikaa na mtu mwenye tetekuwanga nyumbani na wewe kinga yako huijui, unapiga simu unasema, na unakaa pembeni hadi uambiwe urudi. Hata mafua tu, baki nyumbani. Nshawahi kumrudisha mtu mlangoni ana pua inachuruzika na anasisitiza "ni aleji hii", nikamwambia aleji na yenyewe ikapumzike nyumbani.

Haya, sasa turudi kwenye hofu yako, kwamba utavunjika.

Kwanza ujue mwili wako unakumbuka mambo ambayo kichwa kimesahau. Harufu ya spiriti, mlio wa mashine ya dripu ikiishiwa maji, ladha ya chuma mdomoni wakisukuma maji ya chumvi kwenye mshipa. Kuna watu waliopona zamani sana, wakipita tu koridoni tumbo linachafuka, kichefuchefu kinakuja na hawajala kitu kibaya. Hicho sio kichaa na sio ishara kwamba hufai, ubongo uliwahi kufunga ile harufu na kutapika pamoja na bado haujaifungua. Inapungua ukiizoea kidogokidogo na kwa hiari yako, kwa hiyo usianzie kitandani kwa mtoto. Anzia mbali. Kaa mapokezi ya klinik ya watoto asubuhi moja uwasaidie wazazi kujua foleni iko wapi. Saidia kupanga vitabu na kuosha midoli. Nenda ile nyumba wanakofikia wazazi waliotoka mbali ucheze na wale wadogo zake mgonjwa, manake hao ndo wanasahaulika kabisa, mtoto mmoja anaumwa na wengine wanne wanakuwa yatima wa muda. Ukiona wiki kadhaa zimepita na unalala vizuri, chakula kinapita, husikii ile picha ikijirudia usiku, basi sogea karibu zaidi.

Kuhusu kulia, kulia sio tatizo. Mimi mwenyewe nalia, manesi wanalia, kuna kachumba ka kuhifadhia mashuka kameona mengi. Tatizo ni pale mtoto au mama yake anapolazimika kukubembeleza wewe. Mama ana mtoto kitandani, hajalala siku tatu, halafu volontia anaangua kilio na yeye ndo anatafuta kitambaa cha kumfuta, hapo umemuongezea mzigo badala ya kumpunguzia. Ukihisi inakuja unasema "nakuja sasa hivi", unatoka, unanawa uso, unarudi. Basi. Hakuna atakayekushangaa.

Ila kuna kitu kigumu kuliko machozi na nataka tukae hapo kidogo. Wewe kwenye ujumbe wako uliandika, kwa kupita tu, kwamba mlikuwa wawili mnacheza karata kitanda kwa kitanda na mwenzio hakutoka. Uliandika kama vile ni habari ndogo halafu ukaendelea na kuuliza fomu za kujitolea zinapatikana wapi. Mdogo wangu, hiyo sio habari ndogo. Wengi sana waliopona wanabeba swali la "kwa nini mimi nikabaki", na bila kujua wanageuza kujitolea kuwa deni: nimebaki kwa hiyo lazima nilipe, nijitoe kila siku, nisikatae kitu, nisichoke. Nimewaona. Wanakuja kwa moto sana, miezi mitatu wako wodini kuliko hata manesi, mwezi wa nne simu hazipokelewi, na yule mtoto aliyezoea kuwaona kila Jumamosi anauliza mwisho anaacha kuuliza. Kwa mtoto mgonjwa mtu mzima anayepotea bila kuaga ni pigo jingine tu juu ya mapigo aliyonayo.

Hakuna mtu anakudai. Dawa zilifanya kazi kwako, kwa mwenzio hazikufanya, na wala hukuchukua nafasi yake. Hili kulijua kichwani ni rahisi, kuliamini ni kazi, ndo maana nakuomba kabla ya kuanza ukae na kaunsela hata mara chache umsimulie yule rafiki yako vizuri, mlikuwa mnacheza nini, uliambiwaje kwamba amekufa, ulikuwa wapi. Ukijikuta huwezi kumaliza hiyo stori bila kuzidiwa, sio kwamba umefeli, ni kwamba bado, subiri kidogo. Programu nyingi makini zinataka mtu awe ametimiza miaka 18 na amemaliza matibabu muda mrefu nyuma, na kwa upande huo wewe huna shida, lakini muda peke yake hautoshi.

Na ukianza chukua zamu moja kwa wiki. Saa mbili tatu. Ukisema Jumamosi saa nne iwe Jumamosi saa nne, mwaka mzima, bora hiyo kuliko kushinda wodini mwezi mmoja halafu ukayeyuka.

Sasa la kusema nini. Hili ndo watu wanakosea zaidi na wanakosea kwa upendo kabisa.

"Utapona kama mimi." Usiseme. Sio kwamba tumaini ni baya, ni kwamba hiyo ahadi huna uwezo wa kuitimiza. Saratani za watoto sio ugonjwa mmoja, hata ALL yenyewe ina aina ndani yake na zingine ni korofi kuliko zingine, na kitanda cha pili unaweza kukuta uvimbe wa ubongo, cha tatu saratani ya jicho, cha nne ya figo, kila mmoja na njia yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana kama 400,000 wanapata saratani kila mwaka, na kwenye nchi tajiri zaidi ya 80 kwa kila 100 wanapona, lakini kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki hata 30 kwa 100. Ugonjwa ni uleule, tofauti ni kwamba huku wamechelewa kugundulika, dawa hazipo, au matibabu yamekatishwa katikati. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia nzima wenye lengo la kufikisha angalau 60 kwa 100 ifikapo 2030. Kwa hiyo ukimwambia mtoto atapona kama wewe unaongea kuhusu mwili usioujua na hospitali ambayo huijui stoo yake ina nini. Na siku ugonjwa ukimrudia, nani atakuwa mwongo pale? Wewe. Au mbaya zaidi atajiona yeye ndo ameshindwa kitu ambacho wewe ulikiweza. Ndo maana hata yale maneno ya "pigana, usikubali kushindwa" mimi huwa nayakwepa, mtoto ambaye dawa hazikufanya kazi hakupigana kidogo kuliko wewe.

Sema kilicho kweli. "Na mimi niliumwa nikiwa mdogo, nililazwa wodi kama hii." Hapo tu, halafu funga mdomo. Utashangaa. Mtoto ataamua mwenyewe kama anataka zaidi. Mmoja atauliza "na wewe nywele zilitoka?" mwingine atauliza "ile sindano ya mgongoni ilikuuma?" na mwingine hatauliza lolote, atakwambia zamu yako kutupa dadu. Wa tatu huyo usimlazimishe kusikia ushuhuda wako. Alikuwa anataka mtu wa kucheza naye na amempata, hiyo ni kazi kubwa, watu wote wengine wanaoingia pale wanakuja na sindano, vidonge, au sura za huzuni.

Akikuuliza jibu anachouliza tu, kwa ukweli na kwa kifupi. "Iliuma ndiyo, iliuma kidogo halafu ikaisha, mimi nilikuwa nahesabu kwa kurudi nyuma, wewe unafanyaje?" Umeona hapo mpira umerudi kwake. Usimwambie haiumi. Watoto wanasamehe maumivu lakini hawasamehi kudanganywa, ukimdanganya mara moja sindano inayofuata ataanza kulia tangu asubuhi.

Umri nao una mambo yake. Wa chini ya miaka mitano stori ya ugonjwa wako haimsaidii kitu, yeye ni kucheza, kuimba, kurudia mchezo uleule mara kumi na tano na wewe unajifanya umeshangaa kila mara. Kuanzia hapo hadi kama miaka minane tisa kuna jambo la kuwa nalo makini, mtoto wa umri huo anaweza kuamini aliumwa kwa sababu alifanya kosa, alimpiga mdogo wake, alikataa kula, alisema uongo. Hataji, anakaa nalo tu. Ukisikia dalili zake mwambie wazi: "saratani haiji kwa sababu ya kitu ulichofanya wala ulichofikiria, wala haiambukizi kwa kukaa karibu." Hiyo sentensi moja kutoka kwa mtu aliyeumwa mwenyewe ina uzito ambao mimi na sare yangu sinao.

Halafu hawa wa miaka kumi na tatu kwenda juu, hapa ndo nafasi yako hasa na wengi wanawakimbia. Wamekaa wodi ya watoto wadogo katuni ukutani, wanaonekana wamenuna, wanashika simu siku nzima. Yaani fikiria una miaka 15 umevimba uso kwa steroidi, nyusi hamna, wenzio wanaendelea na shule, kuna mtu ulikuwa unampenda hajui uko wapi, na kila asubuhi mtu anakuuliza umeenda chooni mara ngapi mbele ya mama yako. Ana maswali ambayo hawezi kumuuliza mama wala daktari: nitarudi shule nitasemaje, nywele zitarudi zilezile, nitaweza kuzaa, kuna mtu atanitaka? Usijifanye daktari, hilo la kuzaa kwa mfano linategemea dawa na dozi, mwambie "hilo swali ni la maana na kuna majibu, unataka tumuulize daktari pamoja au nimnong'oneze kwamba ungependa akutafute peke yako?" Lakini ya shule, ya kuangaliwa njiani, ya rafiki aliyepotea, hayo unayajua, umeyaishi. Mwambie ilikuwaje. Na akiwa mkali siku hiyo kumbuka steroidi, we mwenyewe bila shaka ulikuwa unawagombeza watu na njaa haiishi.

Sasa swali ambalo kila volontia analiogopa, "mimi nitakufa?" Litakuja. Linakujaga wakati mbaya, katikati ya mchezo, au mama ametoka kidogo kuoga. Usiseme "hapana, usiseme hivyo", kwa sababu hujui na kwa sababu umemfungia mlango. Usiseme ndiyo pia. Muulize taratibu "nini kimekufanya uwaze hivyo leo?" halafu nyamaza usikilize. Mara nyingine jibu ni dogo, alisikia neno koridoni akalielewa vibaya. Mara nyingine ni kubwa. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alikaa na watoto wadogo wenye saratani ya damu miaka ya 1970 akakuta walikuwa wanajua wanakufa hata pale ambapo hakuna mtu mzima aliyewaambia, na wengi wao walikuwa wananyamaza ili kuwalinda wazazi. Na mimi wodini naona hivyohivyo. Kwa hiyo akikuchagua wewe kuuliza ni heshima, mwambie "nashukuru umeniambia. Ningependa nesi fulani au daktari wako ajue kwamba unawaza hili ili akusaidie kupata majibu ya kweli, ni sawa?" halafu nenda kweli ukaseme, siku hiyohiyo. Usikubali siri ya aina hiyo ukaondoka nayo nyumbani.

Wazazi nao, mdogo wangu, kwao wewe utakuwa kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Kuna wazazi hawajawahi kuona kwa macho yao mtu mzima aliyepona saratani ya utotoni, wanachojua ni majirani waliozika. Mzazi wa namna hiyo matibabu yakiwa marefu, mtoto ameanza kuonekana mzima mwezi wa tatu, hela zimekata, ndo anaamua kuondoka na mtoto dawa hazijaisha, na ugonjwa unarudi mkali zaidi. Kule kukuona tu una ndevu na unasoma au unafanya kazi, kunaweza kumfanya arudi kwenye miadi inayofuata. Ila watakuuliza swali la hatari: "wewe ulikuwa unatumia nini?" Wakimaanisha pembeni ya dawa za hospitali, majani, mizizi, vidonge vya kuongeza damu vya kwenye mtandao. Hata kama bibi yako alikunywesha kitu na unaamini kilisaidia usikitaje. Baadhi ya mitishamba inagombana na kemo au inachosha ini ambalo tayari linafanya kazi ya ziada, na neno lako pale litaaminiwa kuliko la daktari kwa sababu wewe ndo ushahidi. Jibu ni "nilipona kwa dawa za hospitali nilizomaliza zote, na kitu kingine chochote muulize daktari kwanza." Na usilinganishe dozi wala majina ya dawa, "mbona mimi nilipewa hii na huyu hapewi", hapo umewasha moto ambao manesi watauzima wiki nzima.

Kuna vitu vya wodini vidogovidogo navipitia haraka. Mikono unasafisha kabla na baada ya kila mtoto, kila mtoto, hata kama umegusa kitanda tu. Midoli iwe ya kuoshika, ile ya manyoya inahifadhi vijidudu. Chakula usimpe mtoto bila kuuliza, anaweza kuwa anasubiri usingizi wa dawa kwa ajili ya sindano ya mgongo. Ukimgusa ukaona wa moto au anatetemeka usisubiri kumaliza mchezo, ita nesi sasa hivi, homa ya nyuzi 38 kwa mtoto ambaye chembe nyeupe zake za damu, zile za kinga, zimeshuka ni dharura. Matapishi na mkojo usifute wewe, dawa za kemo zinatoka humo. Picha hapana, hata mama akikubali, hata mtoto mwenyewe akikuomba selfi, uliza taratibu za pale, na usipost habari ya mtoto yeyote, jina ukilificha watu wa kwao watamjua tu. Hela usitoe mfukoni kwa familia moja, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Na kuna moja naisisitiza kwa sababu huwa wanaombwa sana: usikubali kumshikilia mtoto achomwe sindano. Kaa upande wa kichwa, pulizeni mapovu, mpe hadithi, lakini mikono yako isiwe ile inayomkandamiza. Anahitaji awepo mtu mmoja pale chumbani asiyemuumiza kamwe.

Na watakufa baadhi. Ukikaa mwaka mmoja utampoteza mtoto uliyemzoea, sina namna ya kulainisha hilo. Uliza mapema, kabla haijatokea, pale wanafanyaje: nani atakupigia simu usije ukafika Jumamosi ukakuta kitanda kimetandikwa upya, je mnakutana kuongea, je unaruhusiwa kwenda msibani. Sehemu ambayo haina jibu la hayo maswali na haina mtu anayewasimamia volontia, mimi nisingeenda. Kwa wewe hasa kifo cha mtoto mwenye ugonjwa kama wako kitakuamshia hofu ya mwili wako mwenyewe, utajipapasa shingo usiku kutafuta tezi, utaona jipu dogo uwaze umerudi. Mwambie msimamizi wako, pumzika wiki kadhaa ukihitaji, hakuna atakayekuhesabia.

Tumalizie na mama. Yeye kusema "kule tulishatoka" sio ukaidi. Tafiti nyingi zimekuta wazazi wa watoto waliopona wanabaki na dalili za kiwewe, ndoto, kushtuka simu ikilia, na mara nyingi wanazo kuliko hata mtoto mwenyewe aliyeumwa. Wewe ulikuwa na miaka 8, kuna siku ambazo wewe ulikuwa umelala na homa na yeye alikuwa ameketi hapo anahesabu pumzi zako, hizo siku huna ila yeye anazo zote. Kwa hiyo usimshindanie kwa hoja wala usiende kwa siri, akija kukuta kitambulisho cha volontia mfukoni ataumia mara mbili. Anza na ile karatasi ya matibabu niliyokwambia. Mwambie "mama nataka kuandika nilitibiwa na nini, nisaidie kukumbuka." Muulize hilo tu, usiguse habari za kujitolea siku hiyo. Huenda ana daftari, mama wengi wa wodini walikuwa na daftari, tarehe, hesabu za damu, jina la dawa limeandikwa jinsi alivyolisikia. Mkae mlipitie wote. Akilia mwache alie. Halafu nendeni pamoja klinik mkakamilishe, na siku nyingine ndo umwambie unawaza nini na kwamba utaanzia mapokezi, sio vitandani, mara moja kwa wiki, na kwamba akikuona umebadilika usingizi au hamu ya kula ana ruhusa ya kukuambia. Akikataa bado, mpe muda, fomu za kujitolea zitakuwepo hata miezi sita ijayo, na muda huo utumie kwa kaunsela na kwa chanjo.